Wanangu wamenipumzisha, sasa siwezi kuinuka

Shikamoo dada,

Mimi ni mjane wa miaka 57, mama wa watoto wanne. Nimeishi Pangani tangu nizaliwe, nikiuza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Mwaka jana niliteleza bombani, uani kwangu. Sikuanguka kutoka juu ya mnazi, dada. Nilikuwa nimesimama tu, miguu ikatangulia, nikajikinga kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Wakanifunga hogo wiki 6. Lilipofunguliwa, mkono ulikuwa umesinyaa kama wa mtoto, nikawa nauficha ndani ya mtandio.

Baada ya hapo binti yangu mkubwa akanichukua nikae kwake Tabata, Dar es Salaam. Yeye na nduguze walikaa kikao wakaamua: "Mama umeshafanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Yupo dada wa kazi. Sifui, sipiki, wala maji sichoti maana bomba liko ndani. Nikishika ufagio wajukuu wananinyang'anya. Nikikaa kwenye mbuzi nikune nazi, mkwe wangu anasema tui la pakiti lipo dukani, mama asijichoshe. Basi ni mimi na sofa, tangu taarifa ya habari ya asubuhi mpaka tamthilia ya usiku.

Huu ni mwezi wa 9. Mapaja yamelegea, nikiyashika ni kama unga uliozidi maji, na tumbo limetangulia mbele. Mizani ya hapa nyumbani inasema kilo 68, zile zile nilizokuja nazo, kwa hiyo nikisema nimekonda miguu binti yangu anacheka. Lakini mwezi uliopita tulikwenda kwenye khitma, nikasali chini na wenzangu. Kwenye sijida nikashindwa kunyanyuka. Nilibaki pale mpaka mtoto wa watu akaja kunishika kwapani. Tangu siku hiyo nasali kwenye kiti, na nikialikwa mahali nauliza kwanza choo chao ni cha kukaa au cha kuchuchumaa.

Hedhi yangu ilikatika mapema, nilikuwa na miaka 43. Sikujali, niliona nimepumzika. Mama yangu mzazi alipinda mgongo mpaka akawa anatazama vidole vyake vya miguu, watu wakasema ni uzee.

Ushauri ninao mwingi kuliko ninavyoweza kuutumia. Jirani mmoja kanipa vidonge vya magoti, vidogo, vyeupe, vinauzwa kwenye kikaratasi. Siku ya pili tu maumivu yalikwisha, hamu ya kula ikarudi, na uso umejaa, watu wanasema nimependeza. Nimevila miezi 2 sasa. Jirani mwingine ananinywesha maji ya bamia yarudishe ute wa magoti. Mkwe ananiletea supu ya makongoro kila Jumamosi kwa ajili ya mifupa. Mdogo wangu aliyeko Muscat kanitumia kopo la vidonge vya kalsiamu.

Je, huu ni uzee tu, nikubali? Nikiwaambia wanangu nataka kufanya kazi, naogopa wataniona sina shukrani.

Mama wa Pangani

*

Marahaba mdogo wangu, na pole ya mkono.

Naanza na vile vidonge vya kikaratasi, maana mengine yote yanaweza kungoja, hivyo haviwezi. Maumivu kwisha kwa siku mbili, hamu ya kula kupanda, uso kujaa: mimi nikisikia mambo hayo matatu kwa pamoja, wazo la kwanza ni dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni. Siwezi kuapa, sijaviona. Ila najua zinavyouzwa mitaani bila boksi wala jina, na wengine huzila makusudi wanenepe. Zina kazi zake hospitalini, tena kubwa. Zikiliwa kiholela kwa miezi, zinakula mfupa, zinadhoofisha misuli, hasa ya mapaja na nyonga, na zinapandisha sukari na presha. Yaani huenda unameza kwa mkono wako mwenyewe kile unachoniandikia kukilalamikia.

Lakini usiviache leo ghafla. Mwili unatengeneza homoni ya namna hiyo wenyewe, na ukiletewa ya bure kwa wiki nyingi tezi zake hulala. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu vibaya, hata kuzimia. Nenda kwa daktari wiki hii, na kikaratasi mkononi. Kama ndivyo ninavyodhani, atakupunguzia kidogo kidogo. Na uso wako uliopendeza utarudi ulivyokuwa, utanisamehe.

Sasa tuje kwenye mambo mawili uliyoyataja juu juu, kumbe ndiyo barua yenyewe.

La kwanza ni ile hedhi iliyokatika ukiwa na miaka 43. Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi karibu na miaka 50. Ikikoma kabla ya 45 ni mapema, na daktari anatakiwa aliandike hilo. Sababu ni hii. Mfupa si jiwe. Uhesabu kama nyumba ya udongo: kila msimu mvua inamega ukuta, na kila msimu watu wanakandika upya. Kwenye mfupa zipo chembe hai zinazomega na nyingine zinazokandika, na homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wamegaji wasipitilize. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka, na wanaokandika hawawezi tena kwenda na kasi ya wanaomega. Miaka 5 hadi 7 ya mwanzo ndiyo mfupa hupungua upesi zaidi. Mwenzako aliyekoma akiwa na 50 alilindwa miaka 7 kuliko wewe. Wewe ulishukuru, na sikulaumu, nani aliyewahi kukaa na mwanamke wa Kipangani akamweleza haya?

La pili ni kuanguka kwako. Umelieleza kama unaomba radhi kwa kuvunjika kwa jambo dogo. Udogo wake ndio unaonishtua. Mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, si mnazini, si kwenye bodaboda, na mfupa ukavunjika, mara nyingi mfupa huo ulikuwa na tatizo kabla ya kuteleza. Kifundo cha mkono mara nyingi ndicho hutangulia kuvunjika. Nyonga na pingili za mgongo huja baadaye, na nyonga ndiyo mbaya: wengi hawarudi kutembea walivyokuwa, na wengine hawaumalizi mwaka. Walikufunga hogo vizuri, mkono umepona. Ila ilitakiwa mtu aulize kwa nini ulivunjika.

Ukiongeza na mama yako aliyepinda, picha inakamilika. Mgongo wa namna ile mara nyingi si "uzee". Ni pingili zilizobonyea moja baada ya nyingine, nyingi bila kelele wala maumivu ya kumpeleka mtu hospitali. Jipime: simama ukutani bila viatu, mjukuu aweke alama kwa penseli. Kama umepungua kama sentimita 4 au zaidi kulinganisha na urefu wako wa ujana, mwambie daktari, hata kama mgongo hauumi.

Utakapokwenda kwa habari ya vidonge, maliza yote siku hiyo hiyo. Sema: "Nilikoma hedhi nina miaka 43, nimevunjika mkono kwa kuteleza, mama yangu alipinda mgongo." Sentensi hiyo moja inatosha kumfanya daktari anayejua kazi yake anyooke kwenye kiti. Kuna kipimo cha uzito wa mfupa kiitwacho DEXA, unalala tu dakika chache mashine ikapita juu yako, haichomi wala haiumi. Majibu huja kwa namba. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani linahesabu -2.5 kushuka chini kuwa ni ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu. Mashine hiyo haipo kila hospitali, ulizia kwenye zile kubwa za rufaa. Hata ikikosekana, kwa historia yako daktari anaweza kufikiria dawa. Akikupa alendronati, ambayo kwa kawaida huliwa mara moja kwa wiki, fuata masharti yake kama ibada: asubuhi kabla ya chochote, glasi nzima ya maji matupu, kisha usilale wala kula kwa nusu saa. Hainywewi na chai. Imechoma koo za wengi waliodhani masharti ni madoido.

Sasa misuli. Binti yako anatazama mizani, na mizani haidanganyi, ila imeulizwa swali lisilo lake. Inapima kilo, haijui kilo hizo ni za nini. Misuli imetoka mapajani, mafuta yamekaa tumboni, hesabu imebaki 68. Kiti kitakwambia zaidi. Kaa kwenye kiti cha kawaida cha mezani kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, inuka usimame wima na ukae tena, mara 5 upesi uwezavyo, mtu akikuhesabia kwa simu. Ikizidi sekunde 15, miguu imedhoofika, na mtu wa umri wako hatakiwi kuwa hapo.

Misuli hupungua kidogo kidogo kuanzia miaka ya 30, na estrojeni ikiondoka kasi inaongezeka. Wataalamu wakaipa hali hiyo jina sakopenia, ambalo ukilifungua kwa Kigiriki ni ufukara wa nyama. Lakini kilichokupata wewe ndani ya miezi 9 umri peke yake hauwezi kukifanya. Hebu kumbuka ule mkono ulivyotoka kwenye hogo. Wiki 6 za kutofanya kazi zikaufanya wa mtoto, na wala hukusema ni uzee, kwa sababu mkono wa pili ulikuwepo wa kulinganisha. Wanao wamekufunga hogo mwili mzima, kwa mapenzi, na huna mwili wa pili wa kulinganisha.

Pangani ulikuwa ukibeba ndoo, ukikanda, ukichuchumaa jikoni, ukiinuka kwenye mbuzi mara ngapi kwa siku. Misuli na mfupa vyote vinasikia lugha moja, ya mzigo. Visipoelemewa, mwili unaona ni gharama ya bure kuvitunza. Mwaka 1986 wanasayansi waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya wakakuta wanabeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia pumzi zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Dunia ikashangaa. Bibi zetu hawakushangaa. Nimekutajia kwa raha tu, usije ukajitwika ndoo kichwani kesho. Kwa pingili ambazo hazijapimwa, mzigo wa kichwani nakukataza.

Na msuli uliopotea unarudi? Unarudi. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, mdogo wao akiwa na miaka 86, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu zao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Mwaka 2018 Australia wakatoa matokeo ya wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua: nusu saa, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8, wakinyanyua vyuma vizito kwelikweli chini ya macho ya msimamizi. Uzito wa mfupa kwenye pingili za kiunoni uliongezeka kwa karibu asilimia 3, huku waliofanya mazoezi mepesi nyumbani wakipungua kidogo. Kwa hiyo ile "tembea tembea, mama" wanayokuambia ni njema kwa moyo, lakini haitoshi.

Wewe hutaanza na vyuma. Anza na kile kiti. Inuka bila mikono mara 8, pumzika, rudia, pumzika, rudia. Siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Kikiwa kifupi kinakushinda, weka mto juu yake. Siku utakayoweza mara 12 bila kuhema, toa mto. Kisha hamia kwenye stuli fupi. Kisha kumbatia kidumu cha lita 5 chenye maji, kilo 5 hizo, uinuke nacho. Unakokwenda ni kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi, na kutoka hapo mpaka kwenye mkeka. Kusali kwenye kiti ni ruhusa yako, hakuna aliyekunyang'anya, ila naona kwenye barua hukukichagua.

Baada ya kiti, sukuma ukuta: simama hatua moja nyuma, viganja ukutani, kunja viwiko kifua kisogee, jisukume urudi. Kisha shika sinki la jikoni upande juu ya vidole vya miguu na kushuka taratibu. Ukiwa hapo hapo, inua mguu mmoja usimame kwa ule mwingine, mkono ukiwa karibu na sinki. Mwisho beba vidumu viwili, kimoja kila mkono, utembee uani. Unapookota kitu chini, kunja magoti na nyonga, mgongo ubaki umenyooka, mzigo uwe karibu na mwili. Kuinama kwa kupinda mgongo na kujipinda huku umebeba, acha, na yale mazoezi ya kulala chali na kukunja tumbo ya kwenye simu ya bintiyo, acha kabisa. Misuli kuuma kesho yake ni sawa. Maumivu makali ya ghafla mgongoni si sawa, hayo simama uende hospitali. Ukimpata mtaalamu wa mazoezi tiba akutazame hata mara mbili za mwanzo, bora zaidi.

Hujaniambia unakula nini, lakini nimewajua kina mama wa pwani. Chai na muhogo asubuhi, wali na mchicha mchana, na kipande cha samaki kikibaki kimoja unamwekea mjukuu, wewe unachovya mchuzi. Misuli haijengwi na mchuzi. Kwa kilo zako unahitaji kama gramu 70 hadi 80 za protini kwa siku, kama figo zako ni nzima. Yai moja lina 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kama 20. Zigawe mchana kutwa, usingoje chakula cha jioni. Kwa mifupa, dagaa ndio watu wako, wale na vichwa na miiba yao, maana chokaa, yaani kalsiamu, iko humo. Glasi ya maziwa au mtindi ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na wewe unahitaji karibu 1,200 kwa siku. Ufuta na uji wa ulezi vinasaidia. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake mwili hauipati vizuri, imefungwa ndani.

Supu ya makongoro inywe kwa ladha. Chokaa ya mfupa haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukufaa. Maji ya bamia hayana njia ya kufika gotini, yanaishia tumboni kama bamia nyingine zote. Vidonge vya Muscat mwonyeshe daktari. Soma kopo: kimoja kikiwa na miligramu 500 au 600, kile na chakula, usivile viwili kwa mpigo ukidhani unawahisha. Jua nalo usilisahau. Anayeshinda ndani na akitoka yuko ndani ya buibui anapata vitamini D kidogo, na bila hiyo kalsiamu haipiti vizuri utumboni. Ua wa nyuma upo, kaa mikono na miguu wazi kwa muda kila siku.

Hapa sasa mpe bintiyo simu asome.

Mwanangu, umefanya alichotakiwa mtoto kufanya, na mama yako anajua. Sikuambii umrudishe Pangani akauze samaki juani. Nakuomba umrudishie vitu vichache: kukuna nazi, kuanika nguo, kubeba ndoo ndogo kutoka bafuni mpaka uani. Mkataze mumeo tui la pakiti. Wewe hangaika na yanayomwangusha kweli: kandambili zilizokwisha soli, marumaru yenye maji, korido isiyo na taa usiku, busati linalokunjika mlangoni, choo kisicho na chuma cha kushika. Macho yake yapimwe. Na sahani yake iwe na samaki wake, umtazame mpaka amle.

Mdogo wangu, hofu ya kuonekana huna shukrani naielewa. Basi usiombe kazi. Waambie umeandikiwa na mtu wa hospitali, maana ndivyo ilivyo.

Niandikie tena baada ya wiki 8. Sitaki kilo. Nataka sekunde za kile kiti, za leo na za siku hiyo, na unieleze daktari alisema nini juu ya kikaratasi.